Kaburi Lililokosa Shahidi wa Pili

Felician alikuwa katekista wa kigango kwa miaka thelathini na moja, hivyo mgodi ulipotaka mashamba ya juu kwa ajili ya kumwaga mawe yasiyo na dhahabu, hakuna aliyeshangaa jina lake kupita katika kamati ya malalamiko. Watu walimchagua kwa kuwa hakuwa na makuu. Siku ya semina alipewa kofia na kitabu cha kanuni, na kusema kweli alifurahi.

Kazi ya kwanza ilikuwa makaburi. Kila familia ilitakiwa kuonyesha ya kwake ili yahamishwe kwa heshima na ilipwe fidia. Kaburi lisilo na msalaba wala saruji lilihitaji mashahidi wawili wasio ndugu.

Klara, mjane wa Ngusa, alifika Alhamisi ya pili. Alisema mwanawe Suzana, aliyefariki akiwa na miezi mitano, amezikwa nyuma ya ua wa minyaa shambani kwake. Shahidi wake alikuwa Mageni, jirani aliyemwosha mtoto. Wa pili hakuwa naye.

"Wengine waliokuwepo wako wapi?" aliuliza Stanslaus, mwenyekiti.

"Mume wangu amefariki. Aliyechimba kaburi amefariki." Klara akamgeukia Felician. "Amebaki mwalimu. Mwalimu, ulimbatiza wewe asubuhi ya siku aliyofariki, jioni ukamsalia."

Felician alikumbuka. Alikumbuka hata uzito wa kile kichwa kidogo kiganjani mwake. Kabla hajajibu, Stanslaus alimwahi: mjumbe haruhusiwi kutoa ushahidi katika shauri analolisikiliza. Akitaka, ajiuzulu kwa barua, mkutano wa kijiji uchague mwingine.

"Ni kuzuia upendeleo tu," alisema ofisa mahusiano wa mgodi, mama mpole aliyetoka Mwanza.

Wote wakamtazama Felician. Barua ingemchukua dakika tano. Lakini aliwaza kwamba watu arobaini walikuwa wakisubiri kusikilizwa, na akitoka yeye atawekwa mtu wa kuitikia tu. Tena, na hili alikuja kulikiri baadaye sana, hakutaka kukiacha kile kiti.

"Klara," alisema, "hapa nimekaa kama mjumbe."

Klara akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Katibu akaandika kwamba ushahidi haujitoshelezi, na Felician akatia sahihi chini ya wenzake.

Wiki zilizofuata aliona hata wale arobaini wengi wao wakiishia palepale. Kijiji kilikuwa kidogo; aliyejua jambo lako alikuwa ndugu yako au mjumbe. Mwezi ulipokwisha aliandika barua mbili, ya kujiuzulu na ya ushahidi, akazipeleka ofisini. Stanslaus alizigonga mhuri bila ugomvi.

"Nimezipokea, mwalimu. Ila shauri la Klara lilishafungwa. Muda wa rufaa ni siku kumi na nne."

"Na makaburi?"

"Yaliyothibitishwa yamehamishwa. Magari yameanza kumwaga tangu Jumatatu."

Felician alitembea mpaka kwenye utepe wa kuzuia watu. Ule ua wa minyaa haukuwepo. Palikuwa na kilima cha mawe ya kijivu, na gari lingine likirudi kinyumenyume kumwaga.

Alimkuta Klara kwa kaka yake akipepeta mchele. Klara akaweka ungo chini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Felician akaeleza yote, kuanzia barua hadi mawe.

"Kwa hiyo sasa watakubali kwamba yupo?"

"Hapana. Wamefunga."

"Mimi sikutaka wanilipe," alisema Klara. "Nilitaka mtu mmoja aseme mbele za watu kwamba nilikuwa na mtoto pale. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Basi."

Hakusema kwa hasira. Alimletea kigoda na maji ya kunywa, kama ambavyo angempa mgeni yeyote, na hilo ndilo lililomuumiza Felician zaidi.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, alisimama mbele ya kigango kusoma majina. Alipomaliza orodha hakukaa.

"Suzana Ngusa, miezi mitano," alisema. "Nilimbatiza mimi, nikamsalia mimi. Nilipoulizwa, nilinyamaza."

Klara hakuwepo, alikuwa amehamia Mhunze kwa binti yake mkubwa. Nje, Mageni alimwambia Felician kwamba atampigia Klara simu amweleze. Felician alingoja neno kutoka Mhunze mpaka Krismasi, halikuja, na hakuwa na ujasiri wa kuuliza.