Chupa ya Mwaka wa Kumi na Saba

Jumapili ile baada ya misa, Josepha alitandika mkeka chumbani, akafunga dirisha, akaziba ufa wa mlango kwa kanga kuukuu, ndipo akazitoa chupa tatu uvunguni. Kuku alikuwa ameshaiva, na wali umepaliwa makaa. Anselm, mwanawe wa kwanza, alikuwa amepata kazi ya kushika bendera pale stesheni ya Tabora, aanze kesho yake. Baba yake, Kornel, aliapa zamani kwamba siku mtoto wake atakapovaa kofia ya reli, watu wa nyumba hii watakunywa wanachokunywa wakubwa.

Kornel alikuwa mpishi. Chupa hizo aliachiwa na Mzungu aliyempikia miaka mingi, siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa divai ya Wareno, nzito na tamu, wenyewe wanaiita poti, na kila chupa ilikuwa na mwaka wake. Wakati huo, mwaka wa arobaini na nane, Mwafrika kukutwa na kinywaji cha namna hiyo ilikuwa kesi. Kwa hiyo Josepha alikuwa na hofu tangu alfajiri, lakini ilikuwa hofu ya kawaida, ya askari na pingu. Ile nyingine ilimwingia alipozipangusa vumbi.

Kila chupa ilikuwa na sauti. Ile kongwe kuliko zote, ya tisini na sita, ukiiweka sikioni, ilikuwa na ngoma ya msafara na watu wengi wanaoimba huku wanakohoa. Ya mwaka wa kumi na mbili ilikuwa na nyundo zinazogonga reli, halafu honi ya treni inayoingia Tabora, na vigelegele. Ya kumi na saba haikuwa na wimbo wala neno. Ilikuwa na nyayo tu, nyingi, za watu waliochoka, zinapita na kupita.

Josepha aliiweka chini polepole, akaifuta mikono yake kwenye kanga ingawa haikulowa. Akasema wafungue ya treni. Mtoto anakwenda reli, basi wanywe reli, waishie hapo.

Wifi yake, Paskazia, alikuwa amekuja kutoka Isevya kwa ajili ya shughuli hiyo. Alikuwa dada yake Kornel, mjane, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Yeye aliitaka ya kumi na saba. Mwaka huo kaka yao mkubwa, Ngollo, alikamatwa gulioni Nzega na askari wa vita ya Wajerumani na Waingereza, akabebeshwa sanduku, akapelekwa kusini na wenzake wengi. Hakurudi. Wala hakuja mtu kusema amefia wapi, kwa hiyo matanga yake hayakukaliwa hadi leo, maana utamkaliaje matanga mtu ambaye huna habari zake? Paskazia aliishika ile chupa sikioni muda mrefu.

"Huu mguu unaoburuzwa ni wa kaka," alisema. "Aliumia utotoni, akichunga."

"Baba Anselm," Josepha alimwambia mumewe, "hao wanatembea. Ukiwafungulia watafika."

Kornel alicheka. "Wewe hata padri akipiga hodi unatafuta pa kujificha."

Akaeleza kama mtu anayejua kazi yake. Bwana wake alikuwa na taratibu: chupa kongwe ni za wageni wakubwa, na ile changa kuliko zote ndiyo ya kunywa na watu wako, nyumbani, bila makoti. Hapa changa ni ya kumi na saba. Na dada ameomba. Josepha akaleta vikombe. Katika nyumba ya mumewe, mbele ya wifi, angeendelea kusema mpaka wapi?

Kizibo kilitoka vipandevipande. Kornel aliichuja divai kwa kitambaa cheupe kwa sababu ya mashapo, nayo ikashuka nyeusi, kisha nyekundu. Chumba kilinuka zabibu kavu, halafu majani yaliyooza, halafu jasho la begani. Walikuwa wameshika vikombe lakini hawajanywa pale mtu alipopiga hodi.

Anselm alifungua. Ngollo aliingia akiwa ameinama, kwa sababu ya sanduku lililokuwa begani mwake. Alikuwa kijana wa umri wa Anselm, miguu imejaa vumbi jekundu, na mguu wa kushoto anauburuza.

"Mwadila," aliwasalimu kwa Kinyamwezi.

"Umechelewa," Paskazia alisema, akamsogezea kigoda.

Ngollo alimtazama Kornel, akaona mvi, akampa shikamoo. Kornel, ambaye alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, alimpa shikamoo papo hapo. Zote mbili zilibaki hewani, hakuna aliyeitikia marahaba, na Paskazia akasema basi, kaeni, wali unapoa.

Sasa wenye watoto wasikilize hapa. Josepha aliwalea wanawe kwa adabu. Tangu walipoweza kusimama aliwafundisha kwamba mgeni akiingia na mzigo, humwachi nao hata dakika moja. Unainuka, unampokea, ndipo unamuuliza habari za atokako. Aliwachapa kwa hilo. Majirani walimsifu kwa hilo. Kwa hiyo alipomwona Anselm anaweka kikombe chini na kuinuka, alijua kinachokuja, lakini kabla hajamzuia kijana alishafika kwa mgeni.

"Shikamoo, baba mkubwa," Anselm alisema. "Karibu. Nipe mzigo."

Sanduku likatoka bega hili likakaa bega lile. Ndani yake vilisikika vioo vikigongana. Kornel aliisikia sauti hiyo akashusha kikombe chake. Alikuwa amefungua masanduku ya namna hiyo maisha yake yote, yenye nyasi kavu na chupa zilizolala humo. Ilikuwa divai ya meza ya maofisa.

Ngollo alikaa. Begani mwake palikuwa na shimo, ungeweza kuweka yai humo lisianguke. Alikula wali, akanywa poti, akasema ni tamu, hakuwahi kuionja. Josepha alimwambia mwanawe atue sanduku pale ukutani. Anselm aliinama kulitua, lakini mikono haikuliachia. Alijaribu tena, akiona haya mbele ya wageni.

"Tuliambiwa tusitue mpaka ofisa aseme tueni," Ngollo alieleza, anatafuna.

"Na alisema?" Josepha aliuliza.

"Alikufa kwa homa kabla yetu. Hakusema."

Ngollo alipomaliza kula alinawa mikono, akaegemea ukuta, akalala. Alilala vizuri sana, na kadiri alivyolala ndivyo alivyopungua, mpaka ukutani pakabaki doa la jasho. Paskazia alilifunika kwa kanga yake, akaanza kulia matanga.

Huko nje, kwenye barabara iendayo Nzega, wapagazi walikuwa wamesimama mstari mmoja mrefu, kila mmoja na mzigo wake, wakingoja. Katikati palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Josepha alisimama mlangoni, akatandaza mikono.

"Mama, nipishe," Anselm alisema kwa upole. "Wenzangu wananingoja."

"Nipe mimi. Nimezaa, nimelima, nimebeba kuni. Nipe."

"Ukiupokea wewe, siku utakayopita hapa Bertila atakupokea. Si umemfundisha?"

Bertila, binti wa mwisho, alikuwa kizingitini na kikombe cha maji kwa ajili ya mgeni, kama alivyofundishwa. Josepha alimtazama, akashusha mikono. Anselm alipita, akaingia katika ile nafasi, na mstari ukaondoka.

Jumatatu Josepha na Kornel walikwenda bomani. Karani aliwasikiliza vizuri, tena aliwapa benchi. Aliwaambia vita ile imekwisha zamani, wapagazi wote walishatua, na serikali haidai mzigo wowote wala haitambui mzigo wowote. Alipokuwa akisema hayo alisogeza kiti chake ukutani, kwa sababu mpagazi mmoja alikuwa anapita kati ya meza na kabati na sanduku lake lilikuwa pana. Karani alingoja apite, akarudisha kiti, akawauliza kama wana shida nyingine.

Stesheni walimpa bendera kijana mwingine.

Chupa mbili zilizobaki Josepha alizizika nyuma ya choo, mbalimbali, akapanda mihogo juu yake. Kornel alisema mara moja tu kwamba ile ya treni ingeweza kunyweka bila madhara. Mkewe hakumpa chakula siku hiyo.

Ndipo akaanza kumfundisha Bertila upya. Mgeni akipiga hodi na mzigo, wewe kaa. Usiinuke. Kalia mikono yako. Mwanzoni mtoto aliinuka bila kujua, naye alimchapa miguu ileile aliyoichapa zamani kwa kutoinuka. Shangazi yake alikuja na kapu la viazi kichwani, akaachwa ahangaike nalo mlangoni peke yake, akasema mtoto huyu ameharibika. Majirani walisema hivyohivyo. Josepha aliwaacha waseme.

Masika yaliyofuata, jioni, walikuwa wanapembua mchele pale ndani. Nje nyayo zilikuwa zinapita, nao hawakuacha kupembua, maana zilipita mara nyingi. Halafu zilisimama.

"Hodi, mama," Anselm alisema.

Aliingia ameinama. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini, na mguu wa kushoto alikuwa ameanza kuuburuza. Alisimama katikati ya chumba na sanduku lake, akipumua, hakuomba kitu. Josepha alishika ungo kwa mikono yote miwili, akaukaza mpaka ukingo ukakatika.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Kaa na mzigo wako."

Bertila alimtazama kaka yake, akamtazama mama yake, akaiweka mikono chini ya mapaja, akaikalia.