Kalikiti ya Mwalimu Hedwiga

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia Mbinga, saluni nayo ilifunguliwa karibu na stendi. Msusi wake, Tumpe, alikuwa na wiki tatu tu tangu atoke Mbeya. Mwalimu Hedwiga wa Mbuji alikwenda kwake Ijumaa asubuhi, kwa sababu kesho yake mdogo wake Valeria alikuwa anaolewa Mbamba Bay, na yeye ndiye msimamizi wa bibi harusi.

"Nataka kalikiti," alisema, akionyesha picha ukutani ya mwanamke mwenye nywele za mawimbi.

Tumpe akampaka dawa. Mara likapita gari la wanunuzi likitangaza bei kwa kipaza sauti, na mtaa mzima ukatoka kusikiliza. Tumpe naye akatoka. Aliporudi, Hedwiga alikuwa akijipepea kwa gazeti, kichwa kikimuwaka moto.

Walipoosha, nywele za upande wa kushoto zikabaki kwenye beseni.

Hedwiga alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Tumpe alikuwa analia.

"Nisamehe, mwalimu. Nitakurudishia hela yako."

"Hela nitaifanyia nini? Shika mkasi, zilizobaki uzisawazishe. Halafu funga mlango, tunakwenda wote Mbamba Bay. Utamweleza bibi harusi mwenyewe."

Walishuka mlima na basi la mchana. Hedwiga alikuwa amejifunga kitambaa cheupe hadi usoni. Nyumbani kwa mama yao, alipokifungua, Valeria alitoa macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada, mimi dawa ya mtu huyu siitaki."

"Dawa sitakugusisha," Tumpe alisema taratibu. "Nipe kitana na uzi."

Alimsuka mpaka jioni, mistari myembamba iliyopanda na kukutana utosini kama taji. Mama yao, Bi Ephrasia, alizunguka kile kichwa mara mbili, halafu naye akaketi kwenye mkeka asukwe. Shangazi wawili wakajipanga nyuma yake. Hedwiga alitazama mikono ile ikienda haraka, hasira zikimtoka kidogo kidogo, ingawa si zote.

Asubuhi alivaa gauni lake la bluu, akafunga tena kitambaa cheupe, akasimama mlangoni mwa kanisa kupokea wageni. Mumewe, Urban, alikuwa amefika kutoka Mbuji muda ule ule. Akamjia kwa nyuma.

"Tumsifu Yesu Kristu, Sista."

"Milele, amina," Hedwiga alijibu bila kugeuka.

"Samahani, Sista. Namuulizia Mwalimu Hedwiga."

"Una shida naye gani?"

"Ni mke wangu. Nina hamu ya kuona hizo nywele alizozihubiri mwezi mzima."

Hedwiga akageuka, akavua kitambaa. Urban akavua kofia. Akanyoosha mkono, akampapasa kichwa polepole, kuanzia mbele hadi kisogoni.

"Mbona umependeza," alisema. "Sasa masikio yako nayaona."

Mle kanisani Hedwiga aliingia kichwa wazi, nyuma ya Valeria, huku upepo wa ziwa ukimpuliza shingoni. Kitambaa alimwachia Urban, ambaye alikikunja na kukitia mfukoni.