Mguu Uliogoma

Mwaka ule maharage yalikauka mapema kijijini Qurus, na Tluway hakuwepo. Alikuwa amekwenda Mbulu kwenye matanga ya baba yake mdogo. Matanga yakazaa kikao cha ukoo, kikao kikazaa kesi ya shamba la marehemu, na siku zikawa zinakwenda. Nyuma alibaki mkewe Marsela na shamba la bondeni, ambalo yeye mwenyewe alilikataa tangu siku ya kulima. Alimwambia mumewe kwamba lile shamba ni kubwa kuliko mikono waliyo nayo. Tluway akafunga ng'ombe kwenye plau akalilima lote, mpaka mpakani. Basi waliagana hivyo, hawajanuniana wala hawajapatana.

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa Ngorongoro, Marsela aliingia shambani peke yake. Jirani yake Hyasinta alimshauri apike pombe, aite watu, kazi iishe kwa pamoja kama ilivyo desturi. Marsela hakutaka. Alitaka Tluway akirudi akute kila kitu kimevunwa, aone aibu. Kiuno kilimuuma akiinama, kwa hiyo alichutama, akawa anang'oa huku akisogea kama bata, kutwa nzima, bila kuinuka hata kunywa maji. Kesho yake akafanya vile vile. Miguu ilipoanza kufa ganzi alihamishia uzito upande wa pili akaendelea, kwa maana hasira nayo ina nguvu zake.

Alasiri alipomaliza, alisimama, na mguu wa kulia haukusimama naye. Haukuuma. Goti lilikunjika na kukunjuka, paja lilikuwa imara, lakini unyayo ulining'inia kama sikio la mbuzi. Kila alipojaribu hatua, vidole vilikwaruza udongo. Akaangukia rundo la maharage, akacheka. Alipojaribu tena akaanguka tena, na safari hii hakucheka.

Hyasinta alimkokota hadi nyumbani, akamkanda kwa maji ya moto, akasema huo ni uchovu tu, utalala naye na asubuhi utakuwa umekwenda. Asubuhi ilifika na unyayo ulikuwa bado unaning'inia. Kisimani watu wakaanza kunong'ona kwamba Marsela amefungwa na mtu kwa uchawi.

Tluway aliporudi alimkuta mkewe ameketi mlangoni anachambua mboga, na maharage yote yako uani. Aliutazama ule mguu kwa muda, kisha akaenda nyuma ya nyumba kunawa uso. Aibu ambayo Marsela aliisubiri kwa hamu aliiona wazi usoni mwa mumewe, na haikumfurahisha hata kidogo.

Tluway hakuwa mtu wa maneno. Msamaha wake aliuomba kwa chupa. Ilikuwa miaka ya uhaba, hata sabuni na sukari zilikuwa za kuviziwa, lakini yeye alijua bidhaa zinakojificha Karatu. Akaleta dawa nyekundu ya kuongeza damu, akaleta mafuta ya samaki, akaleta vidonge vya vitamini vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Nosim, mama wa Kimaasai wa Nainokanoka aliyekuwa akishuka na punda wake kununua mahindi kwao, aliposikia habari alileta magome ambayo morani huchemsha kwenye supu ili wapate nguvu. Marsela alikunywa vyote. Supu ya Nosim ilimtoa jasho, akafua nguo zote za nyumbani huku ameketi, akagombana na kila aliyepita. Mashavu yakajaa, kanga ikaanza kukataa kiunoni. Unyayo haukutikisika.

Mwishowe Tluway alimpandisha juu ya punda wakaenda zahanati, kwa mganga aliyeitwa Clemensi. Huyu aliuchokoza mguu taratibu kwa ncha ya sindano. Alipochomwa chini ya unyayo Marsela alishtuka. Juu ya unyayo hakusikia kitu. Kisha Clemensi akamuuliza alikuwa akikaaje siku zile za mavuno, na Marsela akaeleza. Mganga akachukua kidole cha mgonjwa akakiweka chini ya goti, upande wa nje, penye kifupa kilichochomoza.

"Mshipa wa fahamu unapita hapa," akasema. "Hauna nyama ya kuuficha. Ulipochutama kutwa, uliubana."

Tluway akapanga chupa zake mezani, akaomba aonyeshwe iliyo ya kweli. Clemensi alizisoma moja moja bila dharau.

"Hizi ni kama chakula. Msuli uliochoka hula, hupumzika, huamka. Lakini wa mama haukuchoka. Unangoja kuitwa, na anayeuita ameumia."

"Atapona?"

"Wengi hupona. Ila mshipa hauna haraka, hesabuni miezi. Kazi yenu ni kuunyoosha unyayo kila siku usikakamae, na kutafuta kitu cha kuinua vidole asijikwae. Na asichutame tena."

Njia nzima kurudi Tluway alikuwa kimya, na Marsela alidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anashona kichwani. Alichukua katambuga, ile ndala ya tairi, akaitoboa mbele, akapitisha ukanda wa mpira wa ndani kutoka vidoleni hadi kwenye mshipi uliofungwa kwenye ugoko, chini mbali na kile kifupa, na akauwekea kitambaa usikate ngozi. Aliijaribu kwanza mguuni mwake, akazunguka uani akichechemea, na kuku wakamkimbia. Marsela alipoivaa, mpira ulivuta vidole juu. Siku hiyo alikwenda kisimani kwa miguu yake, mbele ya walionong'ona.

Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye ng'ombe, Tluway aliuweka ule mguu mapajani pake akausukuma juu, akauachia, akausukuma tena. Mwanzoni hawakuzungumza. Mtu akikushika mguu kila siku, hata hivyo, kimya nacho hulegea.

"Ulisema shamba ni kubwa," Tluway alisema asubuhi moja.

"Nilisema."

"Nilikusikia, mama Patrisi. Nililima lote kwa sababu nilikusikia."

Marsela alitazama chini. "Na mimi sikuita watu kwa sababu yako. Nilitaka uone aibu."

"Niliiona," akasema mumewe, akaendelea kusukuma.

Mvua za masika zilikuwa zimekolea siku Tluway aliposimamisha mikono ghafla, akamwambia mkewe asimsukume. Marsela akasema hajamsukuma. Wote wawili wakainamia mguu. Kidole gumba kiliinuka kidogo, kikashuka, kikainuka tena kwa kutetemeka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Uji uliungua jikoni na hakuna aliyenyanyuka.

Baada ya hapo mguu ulirudi polepole, vidole kwanza, kisha unyayo wote. Mahindi yalipotoa mbelewele Marsela alikuwa ameivua ile katambuga, na alipanda mlima na Nosim hadi Nainokanoka kumtazama mtoto mchanga wa binti wa Nosim. Ila akichoka sana, njiani kutoka mnadani, unyayo bado hupiga ardhi, pa, pa. Tluway akiusikia mlio huo hupunguza mwendo, wala hageuki nyuma.