Hati Italetwa Nyumbani

Paskalina alikuwa amesimama mbele ya dirisha la karani tangu mahakama ya wilaya ilipofunguliwa, nakala ya hukumu ameifunga kwenye pindo la kanga. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa; sheria ilimpa thelathini za kukata rufaa. Karani Majaliwa, kijana wa mtaa wa Kambarage, aliinua macho asimwamkie. Basi mama wa miaka hamsini na mitano akajikuta yeye ndiye anasema shikamoo. Majaliwa akaitikia marahaba, wala hakuona haya.

Hukumu yenyewe ilikuwa fupi. Mumewe, Valerian, amefariki. Mji, yaani nyumba na shamba lake, ni wa ukoo. Mjane hana sehemu katika urithi, sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aliisoma bila kuuliza watoto wako wapi. Wako nyuma ya nyumba, watatu, kila mmoja chini ya jiwe lake. Na mabati ya nyumba hiyo yalitoka kwenye pamba aliyoilima Paskalina kwa mgongo wake. Shemeji yake, Cornel, alitaka kumrithi. Alipokataa, Cornel akataka mji wote aulime pamba, mpaka juu ya mawe yale.

Majaliwa alipokea rufaa, akagonga muhuri. Kisha akamweleza, kwa upole wa mtu anayengoja chai, kwamba rufaa peke yake haimzuii Cornel. Kumzuia mpaka kesi isikilizwe kunataka dhamana: mali yake mwenyewe, au mtu mwenye mali wa kumdhamini.

“Mali yangu ndiyo hiyo wanayoninyang'anya,” Paskalina alisema.

“Hiyo haihesabiki, mama. Ina kesi.”

Sheria bwana! Inamwambia aliyevuliwa nguo aweke nguo rehani.

Paskalina akamleta kaka yake, Mihayo, amdhamini. Mihayo alikuwa na ng'ombe ishirini na wawili, na upande wao hakuna asiyejua. Lakini Msukuma mwenye akili halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, ataamka maskini. Aliwaweka kwa rafiki yake Maige, huko Ushetu. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ng'ombe waliandikwa kwa jina la mwenye zizi, na Mihayo alichekelea moyoni kuandikwa mtu wa ndama mmoja. Serikali ikitaka michango, imkute hana. Sasa barua ya kijiji ikasomwa mbele ya hakimu wa wilaya: ndama mmoja.

Mihayo akaapa kwamba anao wengine. Hakimu akamuuliza alikidanganya kijiji au anaidanganya mahakama. Mihayo akainamisha kichwa, na Paskalina akamchukia kaka yake, kisha akajichukia mwenyewe kwa kumchukia. Ombi la kumzuia Cornel likakataliwa. Rufaa ingesikilizwa, tarehe ataletewa kwa hati, nyumbani kwake.

Cornel alianza na mabati. Hakutukana, alimwomba tu shemeji asogeze vyungu vyake. Zikafuata kuta, kisha jembe la ng'ombe. Mawe matatu yalirundikwa mpakani. Paskalina akahamia kwa Mihayo, mwendo wa nusu siku, akangoja hati. Mvua zikanyesha, pamba ikachanua. Hati haikuja.

Akarudi dirishani. Majaliwa alilitafuta jalada, akalisoma, kisha akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

“Tarishi alikwenda, mama. Hakuona nyumba, aliona shamba. Siku ya kesi hukufika, rufaa ikatupwa.”

Akamweleza kwamba inaweza kuombwa irudishwe, iko fomu yake. Akaanza kuijaza mwenyewe, jina, kabila, kazi, mpaka kalamu ikasimama.

“Hati ikupate wapi?”

Paskalina alifikiri kusema kwa Mihayo. Lakini akisema hivyo, atakuwa ameandikisha serikalini, kwa kinywa chake, kwamba kwake si kule tena.

“Palepale,” alisema. “Wanangu wapo.”

Majaliwa aliandika, akakausha wino, akagonga muhuri.