Bwana Harusi Saba, Baba Mmoja

Abdulshakur, muuza vitenge wa Katoro, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: Uarabu. Mweusi kama sisi sote, lakini kila mgeni aliyeketi sebuleni kwa dada yake Mwahija lazima asimuliwe jinsi babu wa babu yao, Ibrahimu bin Abdallah, alivyofika Shinyanga akitokea Maskati, jambia kiunoni. Mwahija alikuwa akimsikiliza huku akisonya.

Angemwacha ajisifu hadi ulimi uote sugu, ila upuuzi ule ulikuwa umemkaba Zakia, binti wa huyo huyo kaka. Makoye, fundi pikipiki, Mwislamu wa kuzaliwa, alileta posa mara mbili, mara mbili akarudishwa. "Damu yangu simpi Msukuma!" Na baba ndiye walii, asipoozesha yeye, ndoa hakuna.

"Ithibitishe hiyo damu," Mwahija akamwambia siku moja, nyumba imejaa watu, sinia la pilau katikati. "Ukishindwa?"

"Namwozesha Ijumaa ya kwanza, kwa mkono wangu!"

"Mmesikia jamani?" Watu wakapiga vigelegele.

Abdulshakur akatema mate kwenye kichupa, yakapelekwa ng'ambo kupimwa vinasaba. Majibu: Afrika Mashariki tupu, Uarabuni hata tone. "Mashine mbovu," akasema. Akatafuta karatasi za sensa ya enzi za Mwingereza. Ibrahimu kaandikwa Msukuma, mchunga ng'ombe wa Ibadakuli. "Karani alikuwa mlevi." Likabaki daftari la ndoa la msikiti wa zamani, Shinyanga. Mtunzaji wake, Mzee Akida, akalileta mwenyewe, na sebule ikafurika tena.

"Shikamoo mzee. Wasomee hawa," Abdulshakur akajitutumua.

"Marahaba. Ibrahimu bin Abdallah."

"Si nilisema!"

"Tulia, bwana. Ukurasa huu una bwana harusi saba, na wote bin Abdallah. Aliyesilimu ukubwani, ambaye baba yake hakuwa Mwislamu, aliandikwa hivyo. Wa kwenu pembeni pameongezwa: baba yake ni Mihayo."

"Saba kwa mpigo!" Mwahija akadakia. "Kumbe huyo Abdallah wako alikuwa beberu wa kijiji."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Abdulshakur akafuta jasho, akakohoa, kisha, bila haya hata ya kuombea maji, akanyoosha mgongo.

"Haya. Kama sisi ni Wasukuma, tufuate Usukuma. Makoye alete ng'ombe thelathini."

"Mwoneni!" Mwahija akapiga makofi. "Kanzu hajaivua, keshajenga zizi!"

Zakia akajitokeza mlangoni. "Baba, mahari ni haki yangu, na nimeshaitaja: msahafu na cherehani. Wewe kazi yako ni kutamka tu maneno ya kuozesha."

Ijumaa ilipofika Abdulshakur akayatamka, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba, na Mzee Akida, mkono sikioni, akamrudisha ayarudie mara tatu ili hata waliokuwa barazani wamsikie.