Tiani Bila Mchele

Jumapili ya pili ya Agosti, saa mbili asubuhi, Honorine Blachas alikaa kwenye meza ya jikoni akakata mabilingani matatu, mamumunye manne na nyanya saba kwa vipande vyembamba, unene wa sarafu. Alivipanga ndani ya tiani kwa zamu, bilingani, nyanya, mumunye, halafu tena bilingani, vikiwa vimesimama wima na kuegemeana kama wanafunzi wa bweni wanaosubiri kukaguliwa kucha. Tiani ni bakuli pana la udongo, na chakula kinachookwa ndani yake kinaitwa hivyohivyo, kwa sababu watu wa kijiji cha Peyrolane hawakuona haja ya kuuchosha ulimi mara mbili.

Chini kabisa ya mboga, kwa kawaida, huwekwa mchele. Konzi moja inatosha. Mboga zikiiva hutoa maji, mchele unayanywa, na wote wawili wanaelewana. Kwa miaka thelathini Honorine aliweka konzi moja. Kisha, viangazi vitano vilivyopita, akalazimika kuongeza ya pili. Mwaka uliofuata, ya tatu. Sasa zilikuwa sita, na Jumapili iliyotangulia kaka yake Célestin, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alichimbua kwa uma hadi chini akauliza, "Dada, tangu lini tunakula wali uliovaa kofia ya nyanya?"

Honorine alijua tangu lini. Mboga za bustani yao zilikuwa na maji kupita kiasi, na maji hayo yalikuwa na tabia. Tiani ikiwekwa mezani, mchuzi ulijikusanya upande mmoja tu, ule unaoelekea juu nyuma ya kanisa, kwenye bustani ya jirani yao Ferréol Jouve. Ukiligeuza bakuli, mchuzi ulizunguka polepole, bila haraka wala hasira, ukarudi upande uleule. Honorine alikuwa ameligeuza mara nyingi. Alishaipima hata meza kwa tufe la chuma ambalo Célestin alichezea uwanjani, na tufe halikubingirika. Meza haikuwa na kosa.

Peyrolane mvua hainyeshi kuanzia Juni hadi Septemba. Kuna mfereji unaotoka mlimani, na kila bustani ina kilango chake cha kuingizia maji na saa zake. Zamu ya Ferréol ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Sheria ya mfereji inasema kwamba asiyefungua kilango chake, maji yake yanapita kwa anayefuata. Miaka mitano iliyopita, Jumanne moja ya Julai, Ferréol hakufungua, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa akimzika mkewe, Alphonsine. Aliyefuata alikuwa Célestin Blachas, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Célestin akayachukua maji. Jumanne iliyofuata akayachukua tena, na ili kuepusha usumbufu akatia kufuli kwenye kilango cha Ferréol. Ufunguo ulining'inia jikoni, kwenye msumari, kando ya kalenda.

Ferréol alilalamika mara tatu, kisha akaacha. Kati ya mipichi kumi na mmoja aliyoipanda na Alphonsine, minne tu ndiyo iliyobaki na majani. Kesho yake, Jumatatu, angeweka sahihi mbele ya wakili na kumwuzia mtu wa Marseille bustani nzima, kisha ahamie kwa binti yake huko Lille, ambako mvua hunyesha hata siku ya harusi.

Honorine alikata kipande cha mwisho, akakiweka.

"Célestin, mrudishie mwenzio saa zake."

Célestin alikuwa akitumbukiza mkate ndani ya kahawa. "Dada, tumeanza tena."

"Kesho anaondoka."

"Basi kesho tatizo limekwisha."

"Siku ile alikuwa anazika."

"Najua, nilikuwepo. Nilibeba jeneza upande wa kushoto." Célestin alisema hivyo kwa heshima, kwani ilikuwa kweli. Alikuwa amefungua maji kwanza, akanawa mikono, kisha akaenda kubeba. "Lakini sheria haijataja mazishi. Ingetaja, ningeifuata. Halafu wewe mwenyewe nyanya hizo unazila. Sijakusikia ukizitema."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na Honorine alilijua. Alikuwa amezila kwa miaka mitano, na zilikuwa nzuri. Akainuka, akafungua kabati, akatazama kopo la mchele kwa muda wa kutosha kusali Salamu Maria moja. Akalifunga kabati. Akanyunyiza chumvi, zaatari na kitunguu saumu juu ya mboga, akamimina mafuta ya zeituni, akaifunika tiani kwa kitambaa na kutoka nayo.

Jumapili tanuri la kijiji huwa huru mkate ukishatoka, na kila nyumba hupeleka tiani yake kwa mwoka mikate kabla ya misa na kuichukua baada ya misa. Hakuna anayeandika jina. Titin, mwoka mikate, alizijua kwa mpangilio wa mboga kama mwalimu anavyojua mwandiko. Mbele ya Honorine kwenye foleni alisimama Zoé wa posta, ambaye hakuna barua wala jambo lililompita.

"Karibu, ghala la mchele," alisema Zoé. "Leo umetuletea magunia mangapi?"

"Leo hamna."

Titin aliipokea tiani kwa mikono miwili, akaipandisha na kuishusha kidogo. "Kweli nyepesi. Mama Honorine, itatoa maji hii."

"Najua."

"Maji mengi."

"Najua, Titin. Iweke mbele, isije ikawalowesha wenzake."

Titin akaiweka mbele. Zoé alimtazama Honorine usoni, kisha akaitazama tiani.

Misa iliisha saa sita kasorobo. Kengele ilipogonga sita, watu walikuwa wamejaa mbele ya tanuri wakiwa na vitambaa vyao mikononi, wakizungumzia joto, kama walivyofanya jana na juzi. Titin akafungua mlango wa chuma, na maji yakatoka.

Yalitoka baridi, ingawa tanuri lilikuwa bado na moto wa kubabua nyusi. Yalipita katikati ya tiani nyingine bila kuzigusa. Ya Zoé ilikuwa imekauka juu na kupata rangi ya dhahabu, vizuri kabisa. Yaliteremka kwenye matofali, yakavuka kizingiti, yakafika barabarani na kusimama hapo yakitetemeka kidogo, kama mtu anayejikumbusha njia. Mteremko wa barabara unaelekea kulia, uwanjani. Maji yakakata kushoto, yakaanza kupanda.

Watu wakayapisha. Titin akaanza kugawa tiani, kwani chakula hakingoji, na kila aliyepewa ya kwake aliikumbatia kwa kitambaa na kuyafuata maji kwa pembeni. Hakuna aliyetoa amri, lakini walijipanga mistari miwili, kama siku ya kuitembeza sanamu ya mtakatifu. Padri, aliyekuwa akitoka kanisani na njaa yake, alivua kofia. Mbwa wa bucha alikuja, akanusa, akakaa chini.

Mwanzoni upana wa maji ulikuwa wa kiganja, kisha wa mkono, kisha hatua nzima. Yalifika kwenye ngazi za kanisa, ambazo ni thelathini na tisa. Kwenye kila ngazi yalijikusanya, yakapumua, yakainuka na kulala juu ya inayofuata, na sauti yake ilikuwa ya shuka safi inayokunjuliwa kitandani. Harufu ya zaatari ilitangulia. Honorine alipanda sambamba na maji huku ameshika ukingo wa ngazi, na hapo kwenye ngazi ya ishirini aliona kile ambacho wengine walikuwa wameshakiona.

Mwanga wa ndani ya maji haukuwa wa mchana. Juu ya mawe jua lilikuwa la saa sita, jeupe, la kupasua kichwa. Ndani ya maji ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Nuru ilikuwa ya waridi na ya pembeni. Vivuli vya majani vililala virefu juu ya mkondo, ingawa hapakuwa na mti karibu. Na mbayuwayu walipita humo chini chini, wakati angani hapakuwa na ndege hata mmoja. Ilikuwa Jumanne. Zilikuwa Jumanne zote, za viangazi vitano, zikipanda moja nyuma ya nyingine, na hakuna hata moja iliyokuwa imechakaa. Mtoto wa Titin alitumbukiza mkono, akautoa ukiwa na umande.

Célestin alikuwa amesimama juu ya ngazi, kofia mkononi. Machozi yalimtoka waziwazi.

"Dada," alisema, "miaka yangu hamsini na minane, sijaona kitu kizuri kama hiki."

Alimaanisha kila neno.

Maji yalizunguka kanisa, yakaufuata ukuta na kufika kwenye kilango cha Ferréol Jouve. Hayakulijali kufuli. Yaliingia chini ya lango la bustani, pale paka anapoingilia.

Ferréol alikuwa kibarazani, akifunga sufuria za Alphonsine kwa magazeti na kuzipanga ndani ya sanduku. Aliona maji. Akaweka sufuria chini, akaitazama saa ya kanisa, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani na kwenda kuyafungulia mitaro, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama mtu ambaye zamu yake imeanza na hana muda wa kupoteza. Watu walisimama nje ya ukuta, mikono ikiungua kwa tiani, wakamtazama. Udongo ulikuwa umepasuka kiasi cha kuingiza mkono. Ulipokunywa ulitoa sauti, na baadhi ya wanawake waliinamisha vichwa, kana kwamba ni aibu kuusikia. Mpichi wa karibu na lango, ambao ulikuwa kuni tangu mwaka juzi, ulitoa jani moja. Jani likafunguka taratibu, mbele yao wote, na kijiji kizima kikasimama hadi lilipomaliza.

Maji yalitiririka saa tatu kamili. Ilipogonga saa tisa yalikatika, na Ferréol akafunga mtaro wa mwisho. Akachota yaliyobaki kwa kiganja, akaonja.

"Kitunguu saumu kimezidi," alisema.

"Nilikuwa na haraka," akajibu Honorine kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Si kitu." Ferréol akafuta jembe kwa nyasi. "Alphonsine naye alikuwa anakizidisha."

Jumatatu hakwenda kwa wakili. Mtu wa Marseille alingoja hadi saa saba, akala chakula cha mchana, akarudi kwao.

Jioni hiyo kamati ya mfereji ilikutana kwenye mkahawa, watu saba, mwenyekiti akiwa Célestin. Honorine alikwenda, akakaa karibu na mlango, kwani kilango cha bustani yao kiliandikwa kwa jina la kaka yake na mwenye kilango ndiye mwenye kura. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, tayari kuutoa.

Wajumbe walizungumzia muujiza kwa nusu saa. Walikubaliana kwamba ulikuwa mkubwa, kwamba hakuna kijiji jirani kilichowahi kupata mfano wake, na kwamba maji yale yalikuwa ya Ferréol bila shaka yoyote. Meya wa zamani alisema haya ni mambo ya kuheshimiwa. Kisha Célestin akasimama.

"Wenzangu, jana tumeona wote. Jirani yetu Ferréol sasa ana maji yake mwenyewe, saa zake tatu zilezile, na yanamfikia hadi mlangoni bila hata kuinama kufungua kilango. Kwa hiyo ile zamu ya Jumanne, sioni ataifanyia nini. Itakuwa ni kumpa mtu mmoja mara mbili."

Walifikiri. Mmoja alisema hilo ni la haki. Mikono saba ikainuka, mmoja wao polepole, lakini uliinuka.

"Ila dada," Célestin akamgeukia kwa upole, "kuanzia sasa usiweke tena mchele."

Honorine aliurudisha ufunguo kwenye msumari, na mchele hakuweka. Kila Jumapili ya Agosti na Septemba Honorine alikata mabilingani matatu, mamumunye manne na nyanya saba, na kila Jumapili saa sita maji yalitoka tanurini na kupanda ngazi thelathini na tisa yakiwa na asubuhi ndani yake. Watu walizoea kuyafuata, lakini hawakuzoea kuyaona. Wiki ya saba padri alikuwa bado anavua kofia. Jumapili moja Honorine alishikwa na homa. Alipika akiwa ameegemea meza, kwa sababu asingepika, Ferréol asingemwagilia.

Jumapili ya mwisho ya Septemba Ferréol aliteremka na kikapu. Ndani yake mlikuwa na nyanya tano, ndogo, zenye makovu, za miche aliyokuwa ameikatia tamaa.

"Za kwanza tangu mwaka ule," alisema. "Nimeona zije kwako, jirani."

Honorine alizitengenezea tiani ndogo ya peke yake, akaipeleka pamoja na ile kubwa. Ile kubwa ilifanya kazi yake ya kila wiki. Ile ndogo Titin aliitoa, akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia, akamwonyesha. Haikutoa hata tone. Maji ya nyanya zile hayakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Célestin aliila mchana huo, akafunga macho.

"Hii ndiyo tiani, dada. Umefanyaje?"

"Nyanya za Ferréol."

Célestin alitafuna polepole, kwa heshima iliyostahili. "Muulize kama anazo nyingine," alisema. Kisha akapangusa sahani kwa mkate, akainuka na kutazama kama ufunguo upo kwenye msumari wake. Ulikuwepo. Keshokutwa ilikuwa Jumanne.