Vibao vya Mwenyekiti

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Verner kilikuwa toroli lake. Lilitundikwa ukutani mwa kibanda chake, na gurudumu lake lilikuwa safi kama sahani.

Jumapili za Aprili, kila mtu katika bustani za kukodi za chama chetu hapa Denmark husukuma toroli hadi kwenye kontena lililo langoni. Magugu hayaruhusiwi kuingia kwenye mboji, hasa lile tunaloliita kabichi ya umbea. Ukiacha ardhini kipande cha mzizi wake kisichozidi ukucha, baada ya wiki mbili kimeshakuwa ukoo. Basi watu hupanga foleni pale, matoroli yakidondosha udongo, wakisimuliana habari za migongo yao. Verner ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Ndiye aliyeandika sheria ya kontena. Bustani yake haikuwa na gugu hata moja, na kwenye foleni ile sikumwona hata mara moja. Nilidhani magugu yanamwogopa. Watu wengi walidhani hivyo.

Mimi ni Silje. Nilipata kiwanja namba arobaini na saba nikiwa na miaka ishirini na mbili, baada ya kukaa miaka minne kwenye orodha ya kusubiri. Nasafisha ngazi za maghorofa, kazi inayonifaa, maana ngazi hazikuulizi kitu. Naishi na bibi yangu, Bodil, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Bibi ndiye aliyenilea, na ndiye anayeongea kwa niaba yetu wote wawili.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na kibanda kilichoinama, mlingoti wa bendera usio na bendera, na magugu yaliyonifika kiunoni. Wapangaji wawili kabla yangu walishindwa wakaondoka. Upande wa mashariki kilipakana na bustani ya Verner, na katikati yetu ulisimama ua wa miti uliokatwa ukanyooka kama umepigwa rula.

Verner alinikabidhi ufunguo yeye mwenyewe. Alieleza kwamba mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Kamati ingekuja Mei kutazama, na Juni, siku chache kabla ya moto wa sherehe ya katikati ya kiangazi, ingekuja kupima. Siku hiyo theluthi moja ya kiwanja iwe imesafishwa na kupandwa mboga. La sivyo, kiwanja kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

"Anayefuata ni nani?" Bibi aliuliza.

"Kwa bahati tu," Verner alisema, "ni binti yangu, Pernille."

"Kwa bahati."

"Orodha ni orodha, Bodil. Mimi sipangi."

"Sijasema unapanga. Nimesema kwa bahati."

Nilikitaka kiwanja kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Langoni palikuwa na kibati cha namba, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na nikishafunga lango hakuna mtu angeniuliza ninafikiria nini. Niliacha shule darasa la tano. Sikufukuzwa. Siku moja mwalimu alipitisha daftari langu kila dawati, ili wenzangu waone jinsi mwandiko usivyotakiwa kuwa. Nadhani nia yake ilikuwa njema. Kesho yake nilifika kwenye lango la shule miguu ikagoma, na keshokutwa ikagoma tena, hadi watu wakachoka kunisukuma. Tangu hapo lango la namba arobaini na saba ndilo la kwanza nililolipita bila miguu kugoma.

Wiki ya kwanza niliyafyeka magugu yote kwa mundu. Nilisimama katikati nikaona nimemaliza, nikashangaa wale wapangaji wawili walishindwa nini. Siku kumi baadaye yalikuwa yamerudi, mabichi na mengi kuliko mwanzo.

Kaj, mzee mwanakamati aliyelima ng'ambo ya njia, alikuja na kikombe chake cha kahawa akatazama. "Umeyanyoa," alisema. "Kunyoa kunayapa afya. Haya yanachimbwa, binti."

Nikapiga magoti na jembe la uma. Unachoma, unainua bonge, unalipasua kwa vidole, unatoa mizizi myeupe mmoja mmoja kama anayetoa miiba ya samaki. Kila aliyepita alisimama kunipa ushauri. Mmoja alisema niweke nguruwe. Mwingine alisema niyaache yachanue, yatachoka. Mama mmoja mwenye kofia ya majani aliniambia niongee nayo kwa upole.

"Hata watu haongei nao," Bibi alimjibu kutoka kwenye kiti chake, "ataanzia kwenye magugu?"

Bibi alikuwa na kiti, blanketi, chupa ya kahawa na biri ndogo ambazo daktari alikuwa amezikataza. Kazi yake ilikuwa kusimamia.

Kamati ilipokuja Mei nilikuwa nimesafisha eneo linaloweza kutandikwa vitanda vitatu. Verner alitembea polepole, mikono nyuma, akafika kwenye ua na kutikisa kichwa. Pale magugu yalikuwa mazito kama godoro.

"Siku zote upande huu umekuwa hivi," alisema kwa huruma. "Udongo wake umekufa. Hata wale waliotangulia paliwashinda hapa. Ningekuwa wewe ningefunika plastiki nyeusi, nikangoja miaka miwili."

"Umempa hadi Juni," Bibi alisema.

"Sheria ndiyo iliyompa hadi Juni. Plastiki ni ushauri wangu."

Niliingoja kauli ya kumjibu. Ilinijia siku ya pili yake, nikiwa nasugua ngazi za jengo la tatu.

Jumapili iliyofuata tulifika mapema. Bibi alisinzia kitini, kofia imemfunika pua. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na ua, napalilia kipande nilichokuwa nimekisafisha jana yake, niliposikia upande wa pili mtu anavuta pumzi kama anayenyanyua ndoo. Halafu juu ya ua likapita bonge la kabichi ya umbea, mizizi na yote, likatua mbele ya viatu vya Bibi. Likafuata la pili, kisha la tatu. Mtu alijipangusa mikono, akaanza kupiga mluzi, na maji ya mpira wa bustani yakafunguliwa.

Bibi hakuamka. Niliyakusanya yale mabonge nikayatia kwenye toroli langu, nikayafunika kwa gunia kabla hajafumbua macho. Angeyaona, Denmark nzima ingesikia, na mimi ningelazimika kusimama katikati ya kelele hizo nikiwa shahidi.

Nikasukuma toroli kwenda kwenye kontena. Nilipopita langoni kwa Verner alikuwa amesimama anamwagilia.

"Vizuri sana, Silje," alisema. "Laiti wote wangekuwa wanabeba kama wewe."

Nilisimama. Maneno yalikuwa tayari: Bwana Verner, haya ni yako. Ni maneno matano tu. Nilimtazama, naye akanitazama, kisha nikaitikia kwa kichwa na kuendelea na safari. Nilikuwa nayapeleka magugu ya mwenyekiti kwenye kontena la mwenyekiti kwa mujibu wa sheria ya mwenyekiti.

Wiki hiyo niliichimba sehemu ya ua. Kama nilivyosema, juu palikuwa kama godoro. Lakini chini ya godoro udongo ulikuwa mweusi, mlaini, unanukia kama msitu baada ya mvua, na nyungunyungu walikuwa wanene kama kamba za viatu. Udongo wa namna hiyo sikuuona kwenye bustani yoyote nyingine pale. Ulitokana na miaka ishirini na zaidi ya magugu yaliyooza yakafunikwa na mengine, pamoja na makapi ya kahawa na maganda ya viazi.

Ndani yake mlikuwa na vibao.

Kila mtu alivijua vibao vya Verner. Alivikata kwenye makopo ya bia, akakwaruza kwa msumari jina la mboga na mwaka, kwa herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Mavuno yakiisha, kibao kilikwenda na takataka. Cha kwanza nilichokitoa kiliandikwa Karoti 2019. Chini zaidi nikapata Vitunguu 2015, kisha Njegere 2012. Huo ndio mwaka nilioacha shule. Nilikaa chini nikakifuta kwa aproni. Niliendelea kuchimba, miaka ikirudi nyuma, hadi nikafika kwenye udongo wa mfinyanzi na Bitiruti 1998. Vilikuwa kumi na vinne. Nilivitia kwenye kopo la biskuti, sikumwambia mtu.

Nilipanda njegere, karoti, kabichi, vitunguu na bitiruti. Vilikua kwa kasi ya kunitia aibu, kana kwamba nilikuwa najua ninachofanya. Kaj alikuja kila siku na kikombe chake kutazama kabichi. Kila nikisafisha ngazi nilikuwa najizoeza: Bwana Verner, magugu ya kiwanja changu yanatoka kwako. Niliisema kuanzia ghorofa ya nne hadi chini, na ikifika chini ilikuwa inatoka vizuri. Iwapo wangeninyima kiwanja kwa sababu ya magugu, ningeisema. Nilijiapia.

Siku ya kupima, Verner alivaa koti. Kaj alikuwa na futi ya kupimia. Pernille pia alikuja, mwanamke mpole mwenye kucha zilizopakwa rangi, akasimama njiani kama mtu aliyeletwa kutazama nyumba.

"Theluthi moja," Kaj alisema huku anakunja futi. "Theluthi na ziada."

"Imepandwa, ndiyo," Verner alisema. "Lakini sheria inasema imesafishwa. Haya magugu hurudi, Kaj, unajua. Upande wa ua sina imani nao. Kumpa mtu anayeanza mzigo kama huu si kumtendea wema."

"Mtendee ubaya basi, umwachie," Bibi alisema.

Verner aliinama karibu na ua, akachomeka vidole kwenye udongo. Vilizama hadi kwenye pete. Aliuchukua kidogo akaunusa.

"Udongo huu umeununua wapi?"

"Ni wa hapa," nilisema. Hayo ndiyo maneno pekee niliyoyasema siku nzima.

"Hapa hapajawahi kuwa na udongo kama huu."

Kaj alikuwa amepiga goti mbele ya kibao kilichochomekwa mwanzoni mwa mstari, miwani imeshuka puani. "Njegere 2012," alisoma. "Silje, mwaka huo ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja," Bibi alijibu.

"Umeanza kulima mapema." Akasogea. "Karoti 2019. Kabichi 2003. Bitiruti..." Aliking'oa kile kibao akakigeuza. Nyuma yake bado palikuwa na nembo ya bia. Alikitazama muda mrefu, kisha akautazama ua, kisha akamtazama mwenyekiti. "Verner. Huu si mwandiko wako?"

Pernille alitazama kucha zake. Bibi aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayejiandaa kutazama filamu.

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nilifungua mdomo, ikabaki ghorofa ya nne.

"Nilimpa mimi," Verner alisema. Masikio yake yalikuwa yamekolea wekundu. "Jirani anaanza, unamsaidia na vibao."

"Una moyo mzuri," Bibi alisema. "Kumbe umekuwa ukimsaidia tangu 1998, hata hajazaliwa."

Kaj alipata kikohozi, akageukia upande wa njia.

Verner alitoa kalamu, akatia sahihi akiwa amesimama. Kwenye nafasi ya maoni aliandika: Mfano bora wa ujirani. Karatasi hiyo ninayo, imebandikwa kibandani, ndani ya mlango.

Kwenye moto wa katikati ya kiangazi Bibi alisimulia mkasa wote kwa meza tatu, na kila meza nilizidi kuwa mjanja. Kwenye meza ya tatu nilikuwa nimepanga mtego tangu Aprili. Sasa watu hunisalimu kwa tahadhari. Yule binti kimya, wanasema, usimwone hivyo. Jumapili Verner yupo kwenye foleni ya kontena, gurudumu lake limejaa tope, na Kaj humuuliza habari za mgongo wake. Pernille alipata kiwanja kingine mwaka uliofuata, karibu na kisima. Hakuna kinachopita tena juu ya ua. Ninanunua samadi, na kabichi zangu zimekuwa za kawaida.

Akinikuta njiani, Verner huvua kofia. Macho yake huulizia vile vibao, kama nimevihifadhi, kama ninavyo vingine. Mimi humwitikia kwa kichwa, na najua hilo humwogopesha zaidi.

Kwa hiyo nakuambia hapa, Bwana Verner, kwa kuwa njiani sitaweza. Sikuviweka vile vibao kukuaibisha. Nilikuwa na vyangu, vipya, kumi na vinne, nilivikata mwenyewe kwenye makopo. Nilikaa navyo mezani jikoni na msumari mkononi. Kwenye cha kwanza niliandika Karoti, nikakitazama, nikakigeuza kifudifudi ili Bibi asikione. Vingine sikuviandika. Mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wangu. Ni hilo tu.